Kujiona na Kuonywa: Shaka ya Kijana na Suala la Uhalisi katika Riwaya ya Kichwamaji

Ikisiri

Wahakiki wengi wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, wameieleza shaka ya mhusika mkuu, Kazimoto, kama zao la falsafa ya udhanaishi. Makala hii inaanzia mahali pengine, yaani katika msamiati ambao Kiswahili chenyewe hutumia kuizungumzia nafsi. Inachunguza vitenzi vyenye kiambishi cha kujirejea -ji-, kivumishi halisi, na uhusiano wa kimofolojia kati ya kuona na kuonya. Hoja yake ni kwamba msiba wa Kazimoto hautokani na wingi wa shaka, bali na shaka kukosa mtu wa kuijibu. Kazimoto anajichungua bila kuchoka, lakini waliokuwa na haki ya kumwonya wamekufa, wamedharauliwa au wamegeuka kuwa wakuu wasio na ushuhuda wa maisha yao wenyewe. Usomaji huu unafanywa kwa kuzingatia mazingira ya mashariki ya Ziwa Viktoria, hasa Mwigobero mjini Musoma, ambako neno halisi lina matumizi ya kila siku yanayoweza kuutajirisha uhakiki. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba ukuaji wa kijana, kama riwaya inavyouwaza kwa kuuonyesha ukishindikana, ni uwezo wa kuonekana na kuonywa.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa riwaya za Kiswahili zilizoandikwa katika muongo wa kwanza baada ya Azimio la Arusha, ni chache zilizomweka kijana aliyesoma mbele ya nafsi yake kwa ukali kama Kichwamaji. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anajihoji kuhusu Mungu, kifo, elimu, mapenzi na thamani ya maisha yake. Anajishuku, anajidharau, kisha anajihurumia. Hadithi inafikia kilele katika kujiua kwake. Kwa muda mrefu mwelekeo mkuu wa uhakiki umekuwa kuihusisha hali hii na udhanaishi wa Ulaya, hususan fikra za Jean-Paul Sartre na Albert Camus, na kumwona Kazimoto kama mtu aliyeutambua upuuzi wa maisha akakataa kujidanganya.

Usomaji huo una msingi. Kezilahabi alikuwa msomi wa falsafa na fasihi, na kazi zake za baadaye, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zinathibitisha kwamba maswali ya kuwepo hayakuwa ya kupita kwake. Hata hivyo, usomaji huo unaacha tatizo moja. Ukikubalika wote, unamfanya Kazimoto awe mtu halisi kuliko wengine wote katika riwaya kwa sababu tu ana shaka zaidi yao. Shaka inakuwa cheti cha uhalisi. Wale wasiojihoji kwa maneno, yaani wazazi, wanakijiji na wanawake wanaoumizwa na matendo ya vijana wasomi, wanabaki kuwa mandhari ya maumivu ya msomi mmoja. Makala hii inadai kwamba riwaya yenyewe haimpi Kazimoto cheti hicho, na kwamba lugha iliyoandikiwa inaeleza sababu.

2.0 Msamiati wa Nafsi katika Kiswahili

Kiambishi -ji- humrejesha mtenda kwenye tendo lake. Kisarufi hakina hukumu yoyote. Katika matumizi, hata hivyo, vitenzi vyake vinagawanyika katika makundi mawili yanayostahili kutazamwa. Kundi la kwanza ni la vitenzi vya kazi: kujitegemea, kujituma, kujifunza, kujinyima, kujitolea. Hivi husifiwa. Kundi la pili ni la vitenzi vya mtazamo na mwonekano: kujiona, kujisikia, kujidai, kujifanya, kujitia, kujigamba. Hivi kwa kawaida hushutumiwa. Anayejituma ni mtu wa maana. Anayejiona ni mtu wa majivuno. Kuhusu kujisikia, muktadha ndio huamua: mtu anaweza kujisikia vibaya bila kosa, lakini ikisemwa tu kwamba fulani anajisikia, msikilizaji anajua kwamba anasutwa.

Mgawanyiko huu hauna ukamilifu wa kanuni. Kujijua na kujitambua ni vitenzi vya mtazamo vilivyopata sifa njema, na siku hizi kijana anayejitambua ni mfano unaowekwa mbele ya wenzake shuleni na katika nyumba za ibada. Lakini hata hapo kipimo hakimo ndani ya mtu. Kijana huitwa anayejitambua na watu wanaomwona akiishi kwa adabu na mpango. Akijiita hivyo mwenyewe, amekwisha kukaribia kujiona. Kiswahili, kwa maneno mengine, hakimkatazi mtu kujitazama. Kinamkatalia haki ya kuwa shahidi pekee wa alichokiona.

Methali ya nyani asiyeona kundule husimama juu ya wazo hilihili. Mara nyingi hutumiwa kumsuta anayewacheka wengine, lakini chini ya suto hilo kuna dai pana zaidi: kuna sehemu ya mwili ambayo mwenyewe hawezi kuifikia kwa macho yake, hata akiwa na macho makali kiasi gani. Kinachotakiwa ni jicho la mwingine.

Hapa mofolojia inatoa msaada. Kitenzi kuonya kimetokana na kuona kwa njia ileile ya usababishi wa kale iliyotoa kuponya katika kupona. Kuponya ni kumfanya mtu apone. Kuonya, kwa asili, ni kumfanya mtu aone. Maana ya sasa imebanwa kuelekea karipio na tahadhari, lakini asili yake haijafutika: anayeonywa si anayetishwa tu, bali anayeonyeshwa alichokuwa haoni. Kati ya kujiona na kuonywa, basi, shina ni moja. Kinachobadilika ni idadi ya watu wanaohitajika ili tendo likamilike.

Kivumishi halisi kinaelekea upande huohuo. Neno hili lina asili ya Kiarabu na lilibeba maana ya kitu safi kisichochanganywa. Husemwa juu ya dhahabu, asali, samli, na pia juu ya lugha. Mali halisi haijithibitishi. Huthibitishwa na anayeijua, kwa kuigusa, kuionja au kuipima. Uhakiki wa Kiswahili umelitumia shina hili kuundia istilahi uhalisia, kwa maana ya mkondo wa sanaa unaosawiri maisha yalivyo. Uhalisi wa nafsi umebaki bila uchunguzi wa kutosha, na mara nyingi hufasiriwa kama unyofu wa moyo, yaani mtu kusema alicho nacho ndani. Maana ya kale ya neno ni ngumu zaidi: halisi ni kile kilichopita mtihani mikononi mwa mtu mwingine.

3.0 Jicho la Kazimoto

Kezilahabi alichagua kuisimulia Kichwamaji kwa nafsi ya kwanza. Uchaguzi huo una uzito ukilinganishwa na Rosa Mistika (1971), riwaya iliyotangulia. Rosa anasimuliwa na sauti ya nje. Msomaji anamwona akilelewa kwa ukali na baba yake Zakaria, akiachiwa ghafla uhuru asiofundishwa kuutumia, akihukumiwa na wanaume kwa kukosa ubikira na hatimaye akijiua. Watu wote wanamwona Rosa, karibu hakuna anayemsikia. Kwa Kazimoto hali imepinduliwa. Yeye ndiye jicho. Anaona kila mtu, na hakuna anayeweza kumwona isipokuwa kupitia maneno yake.

Usimulizi wa namna hii humvuta msomaji amwamini msimulizi, kwa kuwa anayejilaumu huonekana mkweli. Lakini kujilaumu ni tendo la kundi la pili la vitenzi vilivyojadiliwa hapo juu. Kazimoto anaweza kujilaumu ukurasa mzima bila kumwomba mtu yeyote msamaha. Anaweza kuukiri unyonge wake mbele ya msomaji, ambaye hawezi kumjibu, huku akiwaficha walio mbele yake. Riwaya inalidhihirisha jambo hili katika mpango wa kisasi. Manase, rafiki wa utotoni wa Kazimoto, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafariki. Kazimoto anaamua kulipiza kwa kumharibu Sabina, ambaye ni dada yake Manase. Huyu ni kijana anayehoji msingi wa maadili yote, lakini katika suala la kisasi anaiga kanuni ya zamani kabisa: dada kwa dada. Falsafa yake yote haimsaidii kuona kwamba anataka kumfanyia Sabina kilekile alichofanyiwa Rukia. Hapo ndipo kundu la nyani.

Ni muhimu kutambua kwamba upofu huu hautokani na upungufu wa tafakuri. Kazimoto anatafakari kuliko mhusika mwingine yeyote. Upofu unatokana na mahali tafakuri inapofanyikia. Ndani ya kichwa kimoja, hoja ya kisasi inaweza kuonekana kuwa ni uaminifu kwa marehemu. Ingetamkwa mbele ya mtu aliyempenda Rukia, ingebidi ijibu swali moja jepesi: je, Rukia angelitaka hili? Rukia hayupo tena kujibu, na Kazimoto hamuulizi mwingine.

Mabadiliko yanapokuja, hayaji kwa kutafakari. Yanakuja kwa Sabina. Mtu aliyekusudiwa kuwa chombo cha kisasi anageuka kuwa mpenzi, kisha mke. Kwa muda mfupi riwaya inafungua nafasi ya kuonana, kwa maana kamili ya kauli ya kutendana: wawili wakitazamana, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumbadilisha mwenzake. Kama kuna ukuaji wa nafsi katika Kichwamaji, umo humu, na inafaa kuzingatiwa kwamba hautokani na Kazimoto kuupata ukweli wake wa ndani. Unatokana na mpango wake kuharibiwa na utu wa mtu mwingine.

Nafasi hiyo haidumu. Riwaya inayafungamanisha maradhi ya watoto wa Manase na Kazimoto, wanaozaliwa na vichwa vikubwa, na nyendo za baba zao. Matendo yaliyofichwa yanarudi katika mwili wa mtoto. Mhakiki wa leo hana budi kuweka mpaka hapa. Maradhi ya maji kichwani kwa watoto si adhabu ya zinaa za wazazi, na usomaji unaoichukua sitiari hiyo kama maelezo ya ugonjwa unaweza kuongeza unyanyapaa dhidi ya watoto hao na mama zao. Kisanaa, hata hivyo, jina la riwaya linabeba maana mbili kwa pamoja: ugonjwa wa mtoto, na lile suto la mtaani kwa mtu asiyesikia anachoambiwa. Kichwamaji ni asiyeonyeka. Maana hii ya pili ndiyo inayomhusu Kazimoto, na ndiyo inayoufanya usomaji wa onyo usiwe wa kupachikwa kutoka nje ya riwaya.

4.0 Mkuu Asiyeweza Kuonya

Ingekuwa rahisi kumaliza hoja kwa methali ya asiyesikia la mkuu. Riwaya haikubali urahisi huo. Inaanza na Kazimoto akisubirishwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na Mkuu huyo ni Manase. Neno mkuu, ambalo katika methali humtaja mzee mwenye busara iliyotokana na kuishi, hapa limekuwa cheo. Aliyekalia kiti cha mwonyaji ndiye aliyemharibia Kazimoto dada yake. Kuanzia kurasa za mwanzo, basi, msomaji anaonyeshwa jamii ambayo sauti ya onyo ipo, ina ofisi na mhuri, lakini haina ushuhuda.

Muktadha wa kihistoria unaupa mwanzo huu makali yake. Mnamo Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 kati yao. Mwaka 1967 ulikuja na Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambalo lilitahadharisha juu ya elimu inayowafanya vijana wachache wajione bora na kutengana na jamii iliyowasomesha. Kwa msamiati wa makala hii, dola ilikuwa inawatuhumu wasomi vijana kwa kujiona, na ikiwataka wahamie katika vitenzi vya kazi. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho katika miaka iliyofuata mara baada ya maandamano hayo.

Kichwamaji inaweza kusomwa kama jibu lenye pande mbili kwa tuhuma hiyo. Upande mmoja inaikubali: Kazimoto kweli ametengana na watu wake, na elimu yake imemwachia maneno mengi kuliko matendo. Upande wa pili inauliza swali ambalo andiko la sera halikuweza kujiuliza: ni nani mwenye haki ya kumwonya kijana huyu? Wazee wa kijijini wanaonya kwa lugha ya imani na desturi ambazo yeye amekwisha kuziweka kwenye mizani ya mantiki. Viongozi wanaonya kwa kinywa cha Manase. Kazimoto hakosi maonyo; anakosa mwonyaji anayeweza kumwamini. Kwa hiyo kosa si lake peke yake, ingawa malipo anayalipa yeye, pamoja na Sabina ambaye hakuwa na kosa lolote katika shauri hili.

Gamba la Nyoka (1979) inathibitisha kwamba Kezilahabi aliendelea kulitafuta jibu. Vijana wasomi wa riwaya hiyo, Mambosasa na Mamboleo, hawaachwi peke yao na fikra zao. Wamewekwa ndani ya misukosuko ya vijiji vya ujamaa, mahali ambapo maneno yao hupimwa na wanakijiji. Riwaya hiyo ina kejeli nyingi, na haiahidi kwamba kijiji kina haki kila mara. Lakini muundo wake umebadilika: shaka ya msomi imepata wasikilizaji wanaoweza kujibu.

5.0 Halisi kwa Nani? Usomaji kutoka Mwigobero

Mandhari ya Kichwamaji ni Ukerewe, na mara nyingi hujadiliwa kutoka Dar es Salaam au kutoka vyuo vya nje. Kuna faida kuisoma kutoka ng'ambo ya karibu. Kivuko cha Kisorya, wilayani Bunda, ndicho kinachoiunganisha Ukerewe na bara la mkoa wa Mara kupitia Rugezi. Kijita, kinachosemwa katika mwambao wa Musoma na Bunda, ni lugha ndugu ya Kikerewe. Kwa msomaji wa mwambao huu, safari ya Kazimoto kati ya chuo na nyumbani inafahamika bila maelezo: kijana anaondoka akiwa na lugha ya nyumbani, anajifunza kujieleza kwa lugha nyingine, kisha anarudi mahali ambapo lugha hizo mbili hazikubaliani kuhusu yeye ni nani.

Mwigobero, kata ya ufukoni katika Manispaa ya Musoma, ni mahali pazuri pa kulitazamia neno halisi. Hapo pana mwalo, samaki na dagaa wanauzwa, na vyombo vinavuka kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Wajita, Waruri, Wakwaya, Wajaluo, Wakurya, Wazanaki na Wakerewe hukutana kwa Kiswahili. Katika biashara ya dagaa, tofauti kati ya walioanikwa kwenye chanja na walioanikwa mchangani haiishi katika maneno ya muuzaji. Mnunuzi huchota, hupepeta kiganjani, hutafuna mmoja, na meno yake ndiyo yanayotoa hukumu kama kuna mchanga. Muuzaji anaweza kuwa mnyofu kabisa wa moyo na bado dagaa wake wakawa na mchanga. Unyofu na uhalisi ni vitu viwili. Kazimoto anao wa kwanza. Wa pili hakumpa mtu nafasi ya kuupima.

Mfano huu usichukuliwe kana kwamba jamii ni mnunuzi asiyekosea. Historia ya neno halisi katika fasihi ya Kiswahili yenyewe inaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kuwa dhuluma. Mwaka uleule wa 1974 ulipotoka Kichwamaji, Kezilahabi alichapisha pia Kichomi, diwani iliyotumia mashairi huru. Mabishano yaliyofuata kati ya wanamapokeo na wanausasa yalihusu, pamoja na mengine, kama tungo zisizo na vina na mizani zinastahili kuitwa mashairi ya Kiswahili. Nyuma ya swali la umbo kulikuwa na swali la watu: mwandishi kutoka visiwa vya Ziwa Viktoria, ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, anaweza kuandika Kiswahili halisi? Kijana wa miaka 30 aliambiwa na wakuu wa sanaa yake kwamba alichokileta kina mchanga.

Mwitikio wake unatoa mfano ambao Kazimoto hana. Kezilahabi hakujifungia. Alijibu hoja kwa hoja, akaendelea kuandika na kufundisha, akamchambua Shaaban Robert katika tasnifu yake ya uzamili, na mwaka 1988 akachapisha diwani ya pili, Karibu Ndani. Hakuliacha shairi huru, wala hakudai kwamba uhuru wake wa ndani unatosha kulihalalisha. Alikubali kuwa katika mabishano. Kuonywa, kwa maana inayotetewa hapa, hakulazimu kukubali onyo. Kunalazimu kubaki mahali ambapo onyo linaweza kufika na jibu linaweza kurudi.

Mfano wa pili unatoka Butiama. Nyerere alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora, Makerere na Edinburgh. Njia ileile ya kijana wa kanda ya ziwa anayechukuliwa mbali na elimu. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilichapishwa mwaka 1963, naye akiwa tayari Rais. Mwaka 1969 ilitoka upya ikiwa imesahihishwa, hata tahajia ya jina ikawa Juliasi Kaizari. Kiongozi wa nchi aliruhusu isomeke wazi kwamba kazi yake ya kwanza ilihitaji kurekebishwa. Yeye, ambaye serikali yake iliwatuhumu vijana kwa kujiona, alikuwa katika jambo hili amejiweka mahali pa mwanafunzi. Manase wa riwaya hana tendo la namna hiyo, na ndiyo maana onyo lake halina nguvu.

6.0 Pingamizi

Pingamizi kubwa dhidi ya usomaji huu ni kwamba unaweza kuonekana kumrudisha kijana chini ya mamlaka ambayo riwaya ilitaka kumkomboa kutoka kwayo. Udhanaishi, pingamizi litasema, ulimpa Kezilahabi silaha dhidi ya baba kama Zakaria na wakuu kama Manase. Kuweka onyo mahali pa uhuru ni kuichukua silaha hiyo mikononi mwake.

Pingamizi hili lina haki ya kusikilizwa, lakini linachukulia kwamba jicho la mwingine ni la mwenye nguvu daima. Katika uchambuzi wa Sartre kuhusu mtazamo, kutazamwa na mwingine ni kugeuzwa kitu, na uhuru unatishiwa. Uzoefu huo ni wa kweli kwa Rosa, ambaye macho ya baba na ya wachumba yalimuua polepole. Si kweli kwa uhusiano wa Kazimoto na Sabina. Hapo jicho lililohitajika lilikuwa la mtu asiye na cheo juu yake, ambaye alikuwa amekusudiwa kudhuriwa. Onyo linaloweza kuponya katika Kichwamaji halitoki juu. Linatoka kwa aliyeumizwa au anayeelekea kuumizwa. Kwa hiyo usomaji huu hauongezi mamlaka ya wakuu. Unaihamisha haki ya kuonya kutoka kwa Mkuu wa Wilaya na kuipeleka kwa Rukia na Sabina, ambao jamii ya riwaya haikuwahi kuwaona kuwa waonyaji.

7.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba shaka ya Kazimoto haitoshi kuitwa uhalisi, na kwamba msamiati wa Kiswahili unaieleza sababu kwa uwazi kuliko istilahi zilizoazimwa. Kujiona peke yake, hata kwa nia ya kujilaumu, kunabaki ndani ya mzunguko wa -ji-. Uhalisi huhitaji kupimwa, na ukuaji huhitaji mtu wa kuonana naye. Kifo cha Kazimoto, kwa usomaji huu, si ushindi wa mtu aliyeutazama upuuzi wa maisha bila kupepesa macho. Ni mwisho wa mtu aliyejitazama mpaka hakubaki mwingine wa kumtazama, katika jamii iliyokwisha kuwavunjia heshima waonyaji wake au kuwanyamazisha.

Suala hili lina uzito nje ya uhakiki. Vijana wanaosoma Kichwamaji leo wanaishi katikati ya nasaha zinazowaambia wajikubali, wajiamini na wawe wao wenyewe. Nasaha hizo zina wema wake kwa aliyelelewa kwa viboko na dharau. Lakini zikisimama peke yake zinamrudisha kijana mahali alipokuwa Kazimoto: peke yake na kioo. Kuifundisha riwaya hii kama somo la udhanaishi pekee kunaweza kulitukuza hilo bila kukusudia. Ingefaa mwalimu amwulize mwanafunzi si tu Kazimoto anafikiri nini kuhusu maisha, bali pia ni nani katika riwaya angeweza kumjibu, na kwa nini hakuulizwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu Rukia hasa, ambaye kifo chake ndicho chanzo cha kisasi na ambaye sauti yake imepata nafasi ndogo katika uhakiki kama ilivyopata katika mawazo ya kaka yake.